Maji Aliyoyapima Mwanakuu

Mwanakuu Athmani alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo pale Kibokoni. Si kwa ukali wa mdomo, bali kwa kuwa hakuwa na njia mbili za kusema jambo. Kwa miaka ishirini na miwili alisomesha wanawake Kurani katika sebule ya chini ya nyumba yake, kila siku baada ya alasiri, na mwanafunzi aliyekimbiza aya alirudishwa mwanzo hata akiwa ni bibi wa miaka sabini. Wanawake walimwita Ma'alim. Walipogombana na waume zao walimjia yeye, kwa sababu neno aliloambiwa halikutoka nje ya mlango ule.

Aliachishwa shule akiwa kidato cha pili, akaozwa kwa fundi seremala aliyemtunza vizuri mpaka alipofariki. Kwa hayo hakuwa na manung'uniko. Jambo moja tu lilimkaa rohoni: hakuwahi kufanya kazi ya karatasi. Khati yake ilikuwa nzuri, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula, na hapakuwa na aliyeihitaji. Alipowapita makarani wa korti wakitembea na faili zao kwapani, aliwatazama kwa macho ambayo hata mwanawe hakuyajua maana yake.

Mwana huyo ni Ishaq, wa pekee, dereva wa foklifti katika ghala moja huko Shimanzi. Aliishi ghorofa ya juu na mkewe, Yumna, msichana mpole wa Kuze aliyekuwa na kicheko cha ghafla kilichomfanya Mwanakuu naye acheke bila kupenda. Mimba ya kwanza ya Yumna ilitoka ikiwa ya miezi mitatu. Hawakuizungumza sana. Mwanakuu alimpikia supu, akamkanda mgongo, akamwambia kuwa nyumba hii ina vyumba vya kutosha, na kuwa hakuna anayemharakisha.

Uani mwa nyumba kulikuwa na kisima. Alikichimbisha babu wa marehemu mumewe, na watu wazima wa mtaa walikumbuka wakati majirani walipokuja kuomba maji yake ya kunywa. Miaka hii maji ya mfereji yalikuja mara moja kwa wiki mbili, pengine yasije kabisa, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mpango ule ule: maji ya kunywa yakinunuliwa kwa madumu kutoka kwa wasukuma mikokoteni, na maji ya kupikia, kufulia na kuogea yakitoka kisimani.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Kwanza sabuni ilikataa kutoa povu. Kisha maharagwe yakawa hayaivi, yakichemka tangu asubuhi mpaka adhuhuri na bado magumu. Kisha maziwa yakaanza kukatika kwenye chai. Mwanakuu alionja maji kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Yameingia munyu," alimwambia Yumna. Chumvi aliiita munyu, kama alivyoiita mamake.

Ndipo Mirriam Tsofa alipopiga hodi.

Mirriam alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Kaloleni, mfanyakazi wa kikundi cha mazingira kilichokuwa na ofisi ya vyumba viwili kule Ganjoni. Alivaa buibui la kuazima siku ile, kwa adabu, ingawa alikuwa Mkristo, na Mwanakuu alilipenda jambo hilo bila kulisema. Mirriam alitoa mkobani kifaa kidogo mfano wa kalamu.

"Ma'alim, hiki hupima chumvi ndani ya maji. Ukikitia kwenye gilasi hutoa namba. Nimezunguka Mji wa Kale wiki mbili nzima, na milango mingi haifunguki. Wanawake waniambia, kama Ma'alim Mwanakuu yuko pamoja nawe, njoo naye."

"Na namba hizo za kazi gani?"

"Za kuwapelekea watu wa serikali. Tukisema kwa mdomo kuwa visima vinaharibika, watatujibu kuwa ni maneno. Tukienda na mwaka mzima wa vipimo, wataambiwa na karatasi."

Neno hilo, karatasi, lilimgusa Mwanakuu mahali ambapo Mirriam hakujua kuwa papo. Mirriam akaendelea kumweleza, akitumia mifano ya jikoni kwa kuwa walikuwa wameketi jikoni. Chini ya kisiwa, alisema, maji matamu yamelala juu ya maji ya bahari kama samli juu ya mchuzi. Mvua zikikosa mpango wake, bahari ikipanda kwa joto hili la dunia, na majengo marefu yakivuta kwa pampu, ile samli hupungua, na mchuzi ukapanda juu. Kisima kinabaki palepale. Kilicho ndani ndicho kinachogeuka.

Mwanakuu alikubali siku hiyo hiyo. Akanunua daftari la jalada gumu na faili la kijani.

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa alipima visima thelathini na kimoja, kila baada ya wiki mbili, kutoka Kibokoni mpaka Mzizima mpaka Mkanyageni. Aliingia nyua ambazo hazikuingiwa na mgeni tangu arusi ya mwisho. Alivuta ndoo mwenyewe, akatia kalamu, akasubiri namba itulie, akaandika: tarehe, nyumba, kipimo. Mirriam alimwambia kuwa yakizidi elfu moja si maji mazuri ya kunywa. Cha kwake kilianza na mia tisa na arubaini. Ilipofika mwezi wa nne wa mwaka jana kilikuwa elfu mbili mia tatu.

Siku aliyoandika elfu mbili mia tatu aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaridhika. Ilikuwa namba nzito, namba ambayo ofisa hawezi kuipuuza. Kisha akarudisha kalamu ya kupimia kwenye ala yake, akachota ndoo ya pili kutoka kisima kile kile, akabandika wali wa mchana.

Hili ndilo jambo ambalo baadaye alikaa nalo kama mtu anayekaa na mgonjwa. Namba zile alizichukulia kuwa ni za serikali. Hazikuwa za chungu chake. Ulimi nao huzoea, na kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa na munyu, alikuwa ameacha kutia chumvi kwenye wali, kwenye mchuzi, hata kwenye unga wa mkate wa sinia. Alilifanyia mzaha jambo hilo: pakiti ya chumvi nyumbani kwake sasa yakaa mwaka.

Wakati huo Yumna alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Kikundi cha Mirriam kiliamua kuandika petisheni. Walitaka mambo matatu: visima vyote vya kisiwa vipimwe na serikali na watu waambiwe matokeo, mifereji ya Mji wa Kale itengenezwe, na kuvuta maji kwa pampu kubwa kuwekewe mpaka. Petisheni ilihitaji majina, saini na namba za vitambulisho. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, maana watu wa Mombasa wamejifunza kuogopa kutoa namba ya kitambulisho kuliko wanavyoogopa moto.

Faraj, mshona kofia aliyekuwa na duka dogo mkabala na nyumba ya Mwanakuu, alimwambia wazi. "Ma'alim, wewe nakuheshimu. Lakini mimi namba yangu niliitoa mara moja, nikajikuta mwanachama wa chama cha siasa nisichokijua hata rangi yake. Kijana wa ndugu yangu aliandika jina kwenye karatasi ya malalamiko, akaanza kuulizwa maswali na watu wasiosema walikotoka."

"Hizi zitakwenda mahali pamoja tu," Mwanakuu alisema. "Nitazibeba mimi mwenyewe mpaka mezani."

"Na likitokea jambo?"

"Nijie mimi."

Faraj aliichomeka sindano kwenye kofia, akavuta karatasi akaandika. Mkewe akaandika. Wanawe wawili wakaandika. Baada ya Faraj, mtaa ulifunguka. Mwanakuu alizunguka kwa wiki saba, akipanda ngazi zilizomkata magoti, na kila mlango alirudia maneno yale: nitazibeba mimi, nijieni mimi. Yalipatikana majina elfu moja mia sita na kumi na mawili.

Siku ya kuyapeleka walikusanyika Makadara. Walikuja wanawake wa chuo chake, wapagazi wa Marikiti, wavuvi wa Liwatoni, vijana wa Likoni waliovuka kwa feri na mabango yao, na watu wa vikundi vingine vya pwani waliokuwa na madai yao ya mikoko na ya taka. Walitembea taratibu juani mpaka ofisi moja ya serikali. Mwanakuu alikuwa mbele na faili la kijani. Ofisa mmoja aliyevaa tai alitoka ngazini, akapokea faili kwa mikono miwili mbele ya kamera, akasema kuwa serikali inasikia. Likapigwa muhuri. Sheria inasema watajibu kwa siku sitini, Mirriam alieleza.

Jioni ile Mwanakuu alikaa na Yumna barazani wakila ubuyu, akamsimulia yote mara mbili. Yumna alicheka aliposikia habari za yule ofisa na kamera. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havimwingii, na alikuwa ameiweka juu ya kigoda.

Kwenye kliniki muuguzi alimpima Yumna presha, akapima tena. Ilikuwa imepanda. Akamwambia apunguze chumvi.

"Hatutii chumvi kabisa," Mwanakuu alijibu, kwa sababu alikuwa amemsindikiza. "Tangu mwaka jana."

Ilikuwa kweli. Muuguzi aliandika kwenye kadi kuwa mgonjwa hatumii chumvi, akampa vidonge, akamwambia apumzike na arudi baada ya wiki mbili. Walirudi baada ya wiki mbili, presha imepanda zaidi. Wakabadilishiwa vidonge. Mwanakuu akaongeza bidii ya kumtunza: uji wa asubuhi, supu ya samaki, mtama uliochemshwa. Kila kitu alikipika mwenyewe, kwa mikono yake, kwa maji ya kisima chake.

Siku sitini zikapita. Mirriam alipiga simu ofisini, akaambiwa faili limekwenda idara nyingine. Akaenda idara hiyo, akaambiwa mhusika yuko semina. Zikapita siku themanini. Mtaani watu wakaanza kuuliza, kwanza kwa upole. Faraj alimwuliza mara moja tu, akiwa dukani mwake: "Majina yetu yako wapi sasa?" Mwanakuu akasema yako ofisini, na akajua kuwa hajui yako ofisi gani.

Ilikuwa Jumatano, yapata saa nne za asubuhi. Yumna alikuwa juu ya dari akianika nguo. Mwanakuu alisikia kishindo, akadhani ni beseni limeanguka. Alipopanda alimkuta mkaza mwanawe amelala ubavu juu ya sakafu ya moto, mwili unatetemeka wote, meno yameng'ata ulimi, macho meupe. Alimwita kwa jina, hakuitika. Majirani walikuja. Uchochoro ule hauingii gari, basi Faraj na wanaume wengine wawili walimkalisha kwenye kiti cha mbao, wakambeba mpaka Ndia Kuu, wakamtia kwenye tuktuk. Mwanakuu alikimbia nyuma yao bila viatu. Mkoba ulikuwa begani mwake, na hakukumbuka ni saa ngapi aliuchukua.

Hospitalini walisema ni kifafa cha mimba. Walimpasua Yumna mchana ule ule ili waokoe wawili. Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi saba, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja na nusu ya mkono. Aliishi siku mbili. Ishaq alimzika akisaidiwa na wanaume wanne, akarudi na mchanga kwenye kanzu, akaketi kwenye benchi la hospitali.

Siku ya tatu daktari mmoja mwanamke, Daktari Kadenge, alimketisha Mwanakuu kwenye kona ya wodi akamwuliza maswali. Mgonjwa anakula nini. Anafanya kazi gani. Kisha akauliza, "Mnatumia maji gani nyumbani?"

"Ya kunywa twanunua."

"Na ya kupikia?"

Mwanakuu akaweka mkono mkobani, akatoa daftari la jalada gumu, akalifungua kwenye ukurasa wa nyumba yake, akampa daktari. Daktari alipitisha kidole kwenye safu ya namba, moja baada ya moja, mpaka kwenye ile iliyopigiwa mstari mwekundu na zile zilizofuata. Ya mwisho ilikuwa elfu mbili mia saba na themanini.

"Nani aliyepima hizi?"

"Mimi."

Daktari alikuwa mtu mzuri, alichagua maneno yake. "Mama, siwezi kukwambia kuwa ni maji. Presha ya mimba ina sababu nyingi, na nyingine hatuzijui. Pengine ingetokea vyovyote. Lakini kwa kisima hiki usimpikie tena. Yeye wala mjamzito yeyote."

Alimrudishia daftari. Mwanakuu alilipokea akalishika mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kwa muda.

Hakungoja hata Yumna atoke hospitali. Kesho yake alianza kuzunguka tena nyumba zile thelathini na moja. Safari hii hakubeba kalamu ya kupimia. Alisimama mlangoni na kusema: maji ya kisima chenu msiyanywe, na msiwapikie wajawazito wala wenye presha. Alisema bila kupamba, kama alivyosema kila jambo.

Watu walisikia vibaya. Bibi mmoja wa Mzizima alimwuliza, "Umekuja kwangu mwaka mzima, ukitia kalamu yako, ukiandika. Mbona hukuniambia?"

"Niliwaambia namba."

"Namba mimi nazijuaje, Ma'alim?"

Nyumba ya tisa au ya kumi ilikuwa ya Mejumaa, mwuza bhajia wa Mkanyageni, naye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mejumaa alimsikiliza mpaka mwisho, akijipepea kwa kipepeo cha ukili. Hakukasirika. Alimwonyesha jiko lake, sufuria, watoto watatu, mtungi mmoja wa maji ya kununua ambao ulikuwa wa kunywa wiki nzima.

"Nimekusikia, Ma'alim, na nakuamini," alisema. "Basi niambie nipikie nini."

Mwanakuu alizungusha macho jikoni kana kwamba jibu limewekwa kwenye rafu mojawapo. Mwishowe alisema atamletea dumu lake mwenyewe kila Ijumaa. Alimletea, kwa muda. Lakini Mejumaa alikuwa mmoja, na ndani ya nyumba zile thelathini na moja kulikuwa na wajawazito sita aliowajua yeye.

Jibu la petisheni lilikuja siku ya mia na ishirini na moja. Mirriam na Mwanakuu waliitwa kwenye ukumbi wenye viti vya ngozi, mbele ya kamati ya watu watano. Mwenyekiti alisoma barua. Alisema kamati inatambua juhudi za wananchi. Alisema habari ya bahari kupanda ni jambo la ngazi nyingine ya serikali, na mifereji ni ya idara yake yenyewe. Kisha akasema kuwa hata hivyo petisheni haikuweza kupokelewa, kwa kuwa kurasa za majina hazikuandikwa ombi juu ya kila ukurasa kama kanuni zinavyotaka, na kwa hiyo haijulikani watu hao walitia saini kwa jambo gani.

Mirriam alishika kingo za meza. Fomu zile alizichapisha yeye. Ombi liliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza tu, ili karatasi zitoshe.

"Mnaruhusiwa kuanza upya," mwenyekiti alisema. "Mama, una neno?"

Mwanakuu alisimama. Alikuwa amejiandaa kusoma vipimo, kisima baada ya kisima. Alifungua daftari, kisha akalifunga.

"Mimi nilijua," alisema. "Niliandika mwezi wa nne kuwa kisima changu kimeharibika, na mchana ule ule nikapikia maji yake. Nilidhani mkijua nyinyi basi inatosha. Mjukuu wangu amezikwa. Sasa mwaniambia kuwa karatasi haikuandikwa juu. Nyinyi mmejua kwa siku mia na ishirini na moja. Mimi nauliza, leo mchana mwapeleka nini kwenye nyumba zile?"

Mwenyekiti alimpa pole. Wajumbe wote walimpa pole, kwa sauti ya chini, na mmoja alionekana kusema kweli. Karani aliandika kuwa mwananchi ametoa maoni. Kisha wakaitwa watu wa jambo lililofuata, habari ya taa za barabarani.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Mirriam alilia. "Ni kosa langu, Ma'alim. Fomu ni zangu."

"Nyamaza," Mwanakuu alisema, si kwa ukali. "Wangepata jingine."

Lakini alijua maana yake. Maana yake ni milango ile ile, ngazi zile zile, na maneno yale: nitazibeba mimi. Karatasi zenyewe hazikurudishwa. Ofisi ilisema zimehifadhiwa, bila kusema wapi.

Yumna hakurudi Kibokoni. Alipotoka hospitali alipelekwa kwa mamake Kuze, kama ilivyo desturi, na siku arubaini zilipokwisha akabaki huko huko. Ishaq naye alianza kulala huko, siku mbili kwa wiki, kisha nne, kisha akaja kuchukua nguo. Hakumtukana mamake, wala hakumtupia neno. Alimwamkia, akamwuliza hali, akakataa chai.

Mwanakuu alikwenda Kuze kila Jumapili. Mamake Yumna alimkaribisha kwa heshima zote, akamtilia sharubati, wakazungumza habari za joto na za jamaa, na Yumna hakutoka chumbani. Alikwenda Jumapili saba. Ya nane pazia lilifunguka, Yumna akatoka amejitanda leso, uso umepungua, akaketi kwenye kiti cha mbali.

"Mama," alimwambia Mwanakuu. "Nataka kukuuliza jambo moja tu."

"Uliza, mwanangu."

"Ulijua lini?"

Mamake Yumna alijidai kuokota gilasi. Mwanakuu angeweza kusema mengi: kwamba daktari mwenyewe hakusema ni maji, kwamba mtaa mzima ulipikia maji yale, kwamba yeye si msomi. Yote hayo yalikuwa kweli.

"Namba nilikuwa nayo tangu mwezi wa nne," alisema. "Kujua, nilijua hospitalini. Lakini namba nilikuwa nayo."

Yumna aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyehakikishiwa jambo. Akasema, "Ahsante kwa kuniambia," akainuka, akarudi chumbani, na pazia likateremka. Mwanakuu alimaliza sharubati yake kwa kuwa kuiacha kungekuwa ni utovu wa adabu, akaaga, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Walianza kukusanya majina upya mwezi uliofuata. Kikundi cha Mirriam kilikuwa kimepungukiwa na watu. Wafadhili walitaka sasa kazi ya kupanda mikoko, na Mirriam alikuja siku za mapumziko yake tu. Fomu mpya zilikuwa na ombi juu ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa. Mwanakuu alizikagua moja moja kabla ya kutoka.

Faraj alikuwa wa kwanza kuendewa, na wa kwanza kukataa. Aliweka kofia aliyokuwa akiishona juu ya meza.

"Mimi nilimbeba mkaza mwanao kwenye kiti mpaka barabarani," alisema. "Kwa hiyo usidhani sijali. Lakini majina yetu elfu na zaidi yako mahali, na wewe hujui ni wapi. Uliniambia nikujie. Nimekujia. Yako wapi?"

"Sijui, Faraj."

"Basi ya pili sitoi."

Mwanakuu alimshukuru, akaenda mlango wa pili. Wengine walikataa kama Faraj. Wengine walisema watafikiria. Wengine walikuwa ndani na hawakuitika, naye aliisikia redio ikizimwa. Kwenye chuo chake wanafunzi kumi na wanane walibaki watano, na hao watano walitia saini wote, na mmoja wao alimwomba msamaha kwa niaba ya wale waliotoka. Mejumaa alijifungua salama mtoto wa kiume. Alitia saini akiwa anamnyonyesha, akasema anaandika kwa ajili ya wale wajawazito wengine watano.

Kwa wiki tisa walipata majina mia tatu na sabini na manne. Walikwenda wawili tu kuyapeleka, siku ya mvua ya rasharasha. Karani wa mapokezi alihesabu kurasa bila kuinua uso, akapiga muhuri, akawapa namba ya kumbukumbu kwenye kipande cha karatasi, akawaambia wasubiri siku sitini.

Sasa zimepita thelathini na nane. Mwanakuu anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba saba. Kisima chake amekifunika kwa bati na mawe, na maji ya kupikia anayanunua kama ya kunywa, jambo ambalo hawezi kuendelea nalo kwa muda mrefu, na majirani wengi hawawezi hata kwa siku moja. Kila baada ya wiki mbili bado anazunguka na kalamu yake katika nyumba zinazomfungulia, ambazo ni kumi na nne. Akishapima haandiki kwanza. Humwita mwenye nyumba, humwonyesha namba, na humweleza kwa maneno ya jikoni maana yake ni nini. Wengi humsikiliza mpaka mwisho. Halafu humwuliza swali lile lile aliloulizwa na Mejumaa, wapikie nini, naye husimama uani na ndoo mkononi.